Houssen Chanfi, Mlezi wa Majimoto wa Vouvouni (1922–1978)

Hitima imesomwa, na waliosoma Mwenyezi Mungu awalipe. Kabla hatujatawanyika, familia inawaomba mkae kidogo tumseme ndugu yetu Houssen Chanfi, tuliyemzika Alhamisi, tarehe 5 Oktoba 1978, baada ya sala ya alasiri. Wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili cha Unguja kwa sababu zaidi ya nusu ya umri wake aliishi huko, na nakala zitapelekwa kwa ndugu zake walioko Unguja na Dar es Salaam. Anayewasomea ni Mzee Youssouf, mtoto wa baba yake mdogo, naye atawafasiria wasiokijua. Ndani, kwa akina mama, utasomwa na mpwa wake.

Marehemu alizaliwa hapa Moroni, mtaa wa Badjanani, Jumatatu tarehe 10 Aprili 1922, katika mwezi wa Shaabani. Baba yake, Chanfi Mouhidine, alikuwa mchomaji chokaa. Mama yake, Bi Batoul, alikuwa wa ukoo wenye shamba la minazi kule Vouvouni, nje ya mji, minazi thelathini na mmoja. Shamba hilo ni manyahuli, yaani mali inayotoka kwa mama kwenda kwa binti na isiyouzwa. Kaka hulilinda, lakini si lake. Bi Batoul alikuwa na watoto wawili walioishi, Roukaya na Houssen, na tangu mwanzo ilijulikana kwamba shamba ni la Roukaya na ulinzi ni wa Houssen.

Alikuwa mtoto mkimya. Alifika miaka mitatu bila kusema neno, hata majirani wakaanza kumwonea mama yake huruma. Siku moja alilazwa juu ya mkeka chini ya minazi ya Vouvouni, na dada yake, aliyemzidi miaka sita, aliachwa amwangalie. Akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mbingu inavuja." Alikuwa akitazama jua likipenya kwenye makuti. Bi Roukaya anasema hayo ndiyo maneno yake ya kwanza, na kwamba aliinuka akakinga mikono, kwa kuwa mdogo wake alisema kwa utulivu mkubwa kiasi cha kumfanya aamini.

Mwaka 1931 mjomba wake Chamsidine, mshonaji kofia katika mtaa wa Malindi, alimchukua kwenda naye Unguja. Huko alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na miwili, akaingia shule ya serikali na kusoma hadi darasa la sita, mwaka 1940. Hakuwa mwanafunzi wa kwanza wala wa mwisho. Walimu walilalamika jambo moja tu, kwamba macho yake yalikuwa dirishani. Mwalimu mmoja alimuuliza mbele ya darasa, "Houssen, umesikia niliyosema?" Akajibu, "Nimesikia, mwalimu, ila nilikuwa mbali." Wenzake walicheka mwaka mzima. Lakini sisi tulioishi naye tunajua kwamba hakukosa adabu. Ndivyo alivyosikia mambo yote, akiwa mbali.

Alishona kofia na mjomba wake miaka saba. Mwezi wa Machi 1947 alipata kazi ya kibarua katika kituo kimoja cha kilimo huko Unguja, na kazi hiyo ndiyo iliyoyabeba maisha yake. Wakati ule minazi mingi ilikuwa ikiangusha vidaka, yaani nazi changa zisizofika hata ukubwa wa ngumi, na wakuu wa kituo walitaka kujua kwa nini. Marehemu alipewa safu kadhaa za minazi, daftari na penseli. Kila siku alikiokota kila kidaka kilichoanguka, akakigeuza mkononi, akitafuta kovu jeusi la kunguni wa minazi, mdudu mwembamba anayefyonza maji ya nazi changa hadi ikate tamaa na kuachia shina.

Hapo ndipo alipowajua majimoto. Ni sisimizi wekundu wenye miguu mirefu, wanaoishi juu ya miti na kung'ata kama cheche. Wakwezi na wachumaji karafuu waliwachukia. Marehemu aliona kwamba mnazi wenye majimoto haukuwa na kovu jeusi karibu hata moja. Walipita juu ya kila tawi, juu ya kila karara, na kunguni aliyetua hakumaliza hata kufyonza mara moja. Akaona pia jinsi wanavyojenga. Hujipanga ukingoni mwa jani na kulivuta lingine, wengine wakashikana viunoni kama mnyororo pale jani linapokuwa mbali. Kisha wenzao hutoka na watoto wao wachanga midomoni, wale mabuu meupe, na kuwapitisha huku na huku kati ya majani mawili. Uzi unatoka kwa mtoto, na majani yanashonwa.

"Nimeshona miaka saba," alimwandikia dada yake, "na mjomba bado alikuwa akifumua mishono yangu. Hawa hawakufundishwa na mtu. Nikikaa chini yao nasahau kula."

Alikaa chini yao miaka kumi na saba. Alijifunza kukata viota alfajiri kabla ya jua kuwapasha joto, kuvitia guniani, na kuvifunga kwenye mti usio na mlinzi. Alijifunza kufunga kamba za makumbi kutoka mnazi hadi mnazi ili wavuke bila kugusa ardhi, maana chini wana maadui. Alikuwa mtu wa ndoto, na wengi wenu mnakumbuka alivyoweza kunyamaza katikati ya mazungumzo. Lakini daftarini hakuota. Mpwa wake, aliyesoma chuo cha ualimu Unguja na kumtembelea kila likizo, aliyaona madaftari yale, na hakupata kuona hesabu safi kama ile.

Mambo ya Unguja yalipobadilika, alirudi Komoro, Februari 1965, akiwa na sanduku moja na madaftari kumi na moja. Aliajiriwa katika idara ya kilimo na kupelekwa Mutsamudu, katika kisiwa kingine, si hiki chetu cha Ngazidja, kulinda vitalu vya mikarafuu.

Huko Mutsamudu alimwona Koultoumi. Kwa kweli aliuona kwanza mchungwa wa mama yake. Mchungwa huo ulikuwa uani, umejaa wadudu, machungwa yake yakidondoka kabla ya kuiva. Marehemu alikuwa akipita kila siku kwenye kichochoro kile chembamba, na kila siku alisimama kuuchungulia. Bi Rahmati, mama wa Koultoumi, alimtokea mlangoni.

"Wewe mtu wa Ngazidja, unatazama nini uani kwangu kila siku? Nina binti humu."

"Natazama mchungwa, mama."

"Mchungwa?"

"Unaumwa, mama."

Bi Rahmati aliwahadithia majirani kwamba amepata mchumba mwongo kuliko wote, asemaye kapendana na mti. Siku ya tatu marehemu alileta gunia, akafunga kiota cha majimoto kwenye mchungwa, akaomba ruhusa ya kuja kila Ijumaa kukitazama. Ijumaa ya pili, Bi Rahmati akiwa amesimama kuswali, majimoto mmoja aliingia kwenye shiromani, nguo aliyojitanda. Alimaliza sala yake bila kutikisika, akatoa salamu kulia na kushoto, kisha akapiga ukelele uliosikika mpaka bandarini. Koultoumi alicheka hadi akakaa chini. Mama yake akasema, "Mwenye kucheka ndiye atakayeolewa naye. Mimi nimechoka." Walioana Alhamisi tarehe 21 Septemba 1967. Msimu uliofuata mchungwa ulizaa, na Bi Rahmati alipeleka machungwa nyumba kumi na mbili, kila nyumba akisema yametoka kwa mkwewe.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Nafissa, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1969.

Ndoa yao ilikuwa ndogo. Hapa Ngazidja mnajua maana yake. Marehemu hakufanya ãda, ile harusi kubwa inayomfanya mwanamume kuwa mtu mzima mbele ya mji. Kwa hiyo katika bangwe, uwanja wanapokaa wanaume kuamua mambo, alikuwa na haki ya kusikiliza tu. Mtu wa miaka hamsini, kichwa kina mvi, alikaa nyuma pamoja na vijana. Alisema haimsumbui. Huenda ni kweli.

Machi 1974 alihamishiwa Moroni, na hapo akaikuta shida iliyokuwa ikimngoja. Minazi ya Vouvouni ilikuwa ikimwaga vidaka. Dada yake Roukaya, mjane kwa wakati huo, alikuwa akilitegemea shamba lile kwa tui, kwa mafuta, kwa mbata, kwa kila kitu. Mwaka ule minazi thelathini na mmoja haikumtosheleza hata kwa mwezi wa Ramadhani. Watu walisema ni jicho. Roukaya alisema jicho au si jicho, atakata minazi na kupanda muhogo, maana muhogo hauna pa kuangukia.

"Nipe misimu mitatu, dada," marehemu alimwambia.

"Nazi zinaanguka leo. Wewe unaniomba misimu?"

"Mama alikuachia shamba. Mimi aliniachia kulilinda. Ukilikata, nitalinda nini?"

Roukaya akampa misimu mitatu. Tunaandika haya ili mjue kwamba alikuwa akiwapa watoto wake muhogo wa kununua wakati huo.

Alitafuta majimoto kila mahali. Alivipata viota kwenye michungwa ya Ntsoudjini, na vingine kwenye mti mmoja nyuma ya bandari ya Moroni. Na hapa alifanya kosa ambalo yeye mwenyewe alilisimulia kwa kicheko hadi mwisho. Kule Unguja alikuwa akihamisha viota kutoka kwenye miti aliyoijua. Hapa alifikiri kama Mngazidja. Kwetu miji miwili ikiwa na uhasama huozana, na watu wakishakula pamoja wanakuwa wamoja. Basi aliwaweka wa Ntsoudjini kwenye mnazi mmoja, wa bandarini kwenye mnazi wa pili, akafunga kamba katikati, akakaa kungojea udugu.

Walipigana siku tatu. Walikutana katikati ya kamba, wakavutana miguu, wakaanguka wakiwa wameng'atana. Chini ya minazi ile miwili mchanga ulikuwa mwekundu kwa maiti. Marehemu hakuweza kula. Roukaya alimkuta amechuchumaa hapo, mikono magotini.

"Nimewaoza bila kuuliza ukoo," alisema.

"Na mahari umetoa wewe," dada yake alijibu, akamwinua.

Akaanza upya, kwa watu wa Ntsoudjini peke yao. Polepole, mnazi baada ya mnazi, walikubali. Lakini katika siku zile tatu kuna mtu alikuwa amepita akaona. Huyo ni Abdou, mkwezi wa Vouvouni, ambaye ndiye aliyekuwa akiwakwelea nazi tangu enzi ya Bi Batoul. Abdou alikataa kupanda.

"Mimi napanda minazi, Houssen. Sipandi balaa."

"Panda alfajiri, wakiwa wamelala. Jipake jivu mikononi na shingoni."

"Jivu? Mimi muhogo wa kuchomwa?"

Na Abdou hakuishia hapo. Yeye alikuwa amekwea minazi miaka ishirini na kujinyima mengi ili afanye ãda, na aliifanya mwaka 1972. Ilikuwa haki yake kusema katika bangwe, na alisema. Jioni moja, mwezi wa Ramadhani 1974, alisimama akawaambia wanaume wa mji kwamba Houssen amewapa wadudu shamba la dada yake, na kwamba mkwezi yeyote atakayepanda pale atakuwa amewasaliti wakwezi wenzake. Marehemu alikuwapo, amekaa nyuma. Hakuweza kujibu. Aliamka akaenda nyumbani, akamwambia Koultoumi kwamba Abdou amesema vizuri, sauti yake ina mpangilio.

Tarehe 6 Julai 1975, nchi hii ilipojitangazia uhuru, wengi wetu tulikuwa barabarani tukiimba. Marehemu hakuonekana mpaka magharibi. Alikuja ana mchanga magotini, uso wake una furaha, na kila aliyemkuta alimkumbatia akidhani ni furaha ya uhuru. Koultoumi alimuuliza alikuwa wapi. Asubuhi ile, alisema, majimoto walivuka kamba ya mwisho. Mnazi wa ishirini na mbili ulikuwa umepata wenyewe. Koultoumi akamwambia kwamba nchi pia imepata wenyewe. "Nimesikia," alisema, "ila nilikuwa mbali."

Msimu wa pili minazi ilishika. Vidaka vikawa vitale, vitale vikawa madafu, madafu yakawa koroma, na koroma zikawa nazi zilizokaa juu zikiangaliana na bahari, kwa kuwa hapakuwa na mkwezi wa kuziangusha. Roukaya alizitazama kama mtu anavyotazama chakula nyuma ya kioo. Basi marehemu akaanza kukwea mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na nne. Tarehe 11 Agosti 1976, katika mnazi wa nane, aliteleza. Abdou alikuwa kwenye shamba la jirani. Alikuja mbio, akambeba mgongoni hadi barabarani, mwendo mrefu juu ya mawe meusi. Bi Roukaya, aliyefuata nyuma, alimsikia ndugu yake akisema karibu na sikio la Abdou, "Uliona juu? Umeona zilivyojaa?" Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika, na kifua hakikurudi kuwa kama zamani.

Kisha ikaja miaka ambayo kila mtu hapa ana kumbukumbu zake. Serikali ya Ali Soilih iliifuta ãda, ikawapa vijana kamati na sauti. Mwezi wa Aprili 1977 kumbukumbu za ofisi zilichomwa, na watumishi wakarudishwa nyumbani kwa maelfu. Marehemu alikuwa mmoja wao. Hakulalamika kuhusu kazi. Lakini madaftari kumi na moja alikuwa ameyaweka kabatini ofisini, akiamini ofisi haina mchwa. Yaliungua pamoja na mengine. Siku ile alikaa mlangoni tangu adhuhuri hadi isha, na Nafissa alipomletea maji aliyashika bila kuyanywa.

Julai mwaka huohuo, kamati ya vijana ilikuja Vouvouni na pampu na mapipa mawili ya dawa ya wadudu yaliyokutwa kwenye ghala. Aliyeongoza alikuwa Saoudat, binti wa miaka ishirini, aliyekuwa akisoma sayansi katika lisee, shule ya sekondari, kabla shule hazijafungwa. Marehemu alikuwa amekaa chini ya mnazi, akipumua kwa shida kama kawaida yake.

"Mzee, tumeambiwa shamba hili lina wadudu."

"Lina wengi. Unawataka wepi?"

Wenzake walicheka. Saoudat hakucheka. "Kamati imeamua. Minazi yote kuanzia hapa hadi barabarani ipigwe dawa wiki hii."

"Dawa yenu inajua kuchagua?"

"Kuchagua nini?"

"Kati ya mwizi na askari."

Akamwonyesha. Akamwokotea kidaka chenye kovu kutoka chini ya minazi tisa ambayo majimoto hawakuwahi kuikubali, akamwonyesha mchanga mtupu chini ya ile ishirini na miwili. Saoudat aligeuza kidaka mkononi.

"Hii ni siku moja, mzee. Una ushahidi wa zaidi ya siku moja?"

"Nilikuwa nao wa miaka kumi na saba. Mliuchoma mwezi wa nne."

Wale vijana walitazama pampu yao. Saoudat aliuliza kama kuna mtu mwenye karatasi.

Walihesabu pamoja miezi mitatu, kila Ijumaa asubuhi. Alikuja kwa miguu kutoka Moroni, daftari la shule kwapani. Mwanzo alimwita mzee, mwisho akamwita fundi. Hadi Oktoba walikuwa wameokota vidaka mia mbili na kumi na vinne vyenye kovu chini ya minazi tisa, na kumi na tisa tu chini ya ishirini na miwili. Saoudat alipeleka daftari mbele ya kamati, na mapipa hayakurudi Vouvouni. Katika miaka hamsini na mitano, hiyo ilikuwa mara ya kwanza neno la Houssen Chanfi kufika mbele ya watu wanaoamua.

Mei mwaka huu, serikali ilipoanguka na vijana wa kamati wakaanza kutafutwa majumbani, watu wanne walikuja nyumbani kwa Bi Roukaya wakimuulizia Saoudat, aliyekuwa amehifadhiwa humo. Marehemu alikuwa hawezi kusimama kwa muda mrefu. Alikaa kwenye kizingiti, akajaza mlango kwa mwili wake mwembamba. "Yumo," alisema. "Ananihesabia. Mkimchukua, mmoja wenu akae anihesabie." Wakatazamana, wakaondoka.

Baada ya hapo kifua kilimzidi. Alipelekwa hospitali mwezi wa Juni na tena Septemba, na mara zote mbili aliomba arudishwe. Wiki za mwisho alilala zaidi ya kuamka. Koultoumi alikaa kichwani pake. Akiamka alisimulia alikokuwa, na mara nyingi alikuwa juu, kwenye majani, ambako alisema kuna mwanga wa kijani na watu wengi wenye shughuli, na hakuna anayemsumbua mwenzake kwa maswali. Alfajiri ya Alhamisi, mwanzoni mwa Mfungo Pili, aliomba dirisha lifunguliwe. Lilikuwa wazi. Koultoumi alimwambia, "Nimelifungua." Akamshukuru. Hakusema tena.

Lipo jambo moja la siku ile ambalo familia imeona ni haki mlijue.

Msiba unahitaji wali, na wali unahitaji tui. Asubuhi ile wanaume walitumwa Vouvouni kuangusha nazi, na hawakupatikana wakwezi wa kukubali. Wakasema dawa ni moja, wachome viota kwa mienge ya makuti kisha wapande. Walikuja kumuuliza mwenye shamba. Bi Roukaya alikuwa amekaa karibu na maiti ya ndugu yake. Alisema, "Watu wa Moroni hawatakula wali mkavu katika msiba wa Houssen. Wadudu walikuwa wake, naye ameondoka. Chomeni." Alisema hivyo, na hakuna anayeweza kumlaumu. Yeye ndiye aliyengoja misimu mitatu, na zaidi.

Mwenge alipewa Abdou, kwa kuwa anaijua minazi ile. Walikuwapo mashahidi. Aliuwasha, akaenda nao hadi kwenye mnazi wa kwanza, akasimama akitazama juu. Moshi ulikuwa ukimwingia machoni.

"Nani kasema tuchome?" aliuliza.

"Wewe umesikia. Mwenye shamba."

"Mwenye shamba kafiwa. Aliyefiwa hasikilizwi siku ya kwanza."

Akauchomeka mwenge mchangani, akaufukia kwa mguu, akavua shati, akapanda. Alipanda minazi saba. Aliangusha nazi mia moja na sitini na nane, na kila aliposhuka walimpangusa majimoto mgongoni kwa matawi, naye akatukana mnazi, akatukana majimoto, akamtukana marehemu kwa jina lake lote na la baba yake, kisha akapanda tena. Wali mliokula humu siku hizi tatu umetoka huko.

Baada ya maziko, katika bangwe, Abdou aliomba kusema. Ãda imerudi na haki yake imerudi. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba kabisa. Maneno yake yameandikwa hapa kama alivyoyasema.

"Mwaka wa sabini na nne nilisimama hapahapa nikasema Houssen amewapa wadudu shamba la dada yake. Hakuweza kunijibu, nami nilijua hawezi. Leo pia hawezi. Basi namjibia mimi. Nilikuwa juu leo asubuhi. Alisema kweli. Kamba zake zisikatwe, na msimu ujao mimi ndiye nitakayepanda. Mwenye neno na hilo, aseme sasa."

Kamba hazijakatwa.

Marehemu ameacha mjane, Bi Koultoumi, binti mmoja, Nafissa, dada yake, Bi Roukaya, mama mkwe, Bi Rahmati wa Mutsamudu, aliyevuka bahari kuja kukaa nasi, wapwa watano, na Saoudat, aliyeachiwa daftari. Abdou mkwezi alikuja jana akaomba jina lake liandikwe miongoni mwa waliofiwa. Tuliulizana, na Bi Roukaya ndiye aliyesema liandikwe.

Ewe Mola, mpokee mja wako Houssen bin Chanfi, umsamehe, umpanulie kaburi lake, na umpumzishe kwa amani. Amin.